Mjadala: Kihawaii kiandikwe na alama zote, au herufi tupu zatosha?

Hoja iliyo mezani. Kihawaii kina konsonanti nane tu: p, k, h, l, m, n, w na ʻokina, yaani kile kipasuo kinachokata sauti kooni. Irabu ni tano, kila moja fupi au ndefu; ndefu huvikwa mstari juu, kahakō. Magazeti ya Kihawaii ya 1834 hadi 1948, kurasa zipatazo 125,000, karibu yote hayana alama hizo. Tahajia inayofundishwa leo, iliyopendekezwa na ʻAhahui ʻŌlelo Hawaiʻi, chama cha lugha ya Kihawaii, mwaka 1978, inazitaka. Je, vitabu vya shule, vibao vya barabarani na magazeti ya kale yanayochapwa upya vyote vilazimishwe?

Binti Irabu: Vilazimishwe. Pau ni kwisha. Paʻu ni masizi. Paʻū ni unyevunyevu. Pāʻū ni sketi. Ondoa alama, yote manne ni pau. Na hasara haiishii kwenye msamiati: kou ni "-ako", koʻu ni "-angu". Wamisionari walioipunguza alfabeti kwa kura mwaka 1826 (r na t zikatoka, Honoruru ikawa Honolulu) hawakuihesabu ʻokina kuwa herufi. Lakini walipofika kwenye Biblia ilibidi watie kikoma cha juu kwenye ko'u, maana msomaji angejuaje kitu ni changu au chako?

Msomamagazeti: Dada, hilo la ko'u linanisaidia mimi. Waliweka alama palipokuwa na utata, kwingine wakaiachia sarufi. Mbele ya nomino huja kineno ka au ke, mfano wa "the" ya Kiingereza. Ke hutangulia maneno yanayoanza na k, e, a, o. Kwingine ni ka. Sasa ukikuta "ka olelo" kwenye gazeti la zamani, simama: o ingedai ke. Imekuja ka, basi kuna konsonanti isiyoandikwa pale, na neno ni ʻōlelo, lugha. Wingi nao ni vivyo hivyo. Kanaka ni mtu, kānaka ni watu, lakini nā, kineno cha wingi, imeshatangulia kukwambia ni wengi. Wenyeji wa kisiwa cha Niʻihau, waliolelewa ndani ya lugha hiyo, mara nyingi huandika bila alama na wanaelewana. Hata sisi huandika paa la nyumba na paa wa porini kwa herufi zilezile, ingawa pwani p ya mnyama ina pumzi.

Binti Irabu: Kanuni yako ina matundu, mkuu. Ke ala ni njia. Ke ʻala ni harufu nzuri, na hili ni moja ya maneno yenye ʻokina yanayochukua ke hata hivyo. Kwenye gazeti lako yote mawili ni "ke ala". Tena hiyo hesabu ya ka na ke anaiweza anayeijua lugha tayari. Mswahili huliona neno paa baada ya kulisikia nyumbani tangu utotoni. Kihawaii kilitolewa shuleni kwa sheria ya 1896, na chekechea za Pūnana Leo, zinazofundisha kwa Kihawaii, zilianza 1984 tu. Wanafunzi wengi wa leo hulikuta neno kwenye karatasi kwanza. Wakikosea kulitamka, nyumbani hakuna wa kuwasahihisha.

Fundi Chapa: Mkilazimisha, lazimisheni herufi sahihi. ʻOkina ina namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta: U+02BB, na kompyuta huihesabu kuwa herufi. Wengi hubonyeza kikoma cha juu cha kawaida. Hapo programu inajifanya mjuzi: mwanzoni mwa neno inakupa ‘ na unadhani mambo safi, katikati inakigeuza kuwa ’, kimetazama upande usio wake. Wenye kuandika ng'ombe kwenye simu wanaujua usumbufu huu. Tena kikoma cha kawaida huweza kulikata neno vipande viwili, mtu akitafuta halipati. Faili za zamani zina balaa jingine. Kulikuwa na fonti maalumu zilizochora ʻokina mahali pa ÿ na ā mahali pa ä. Fungua faili hiyo bila fonti yake, unasoma "Hawaiÿi" na "Mänoa" badala ya Hawaiʻi na Mānoa. Dawa ni kubadilisha herufi moja moja ndani ya maandishi, kisha mtu ayapitie kwa jicho, kwa sababu jina la Kijerumani lenye ä ya kweli nalo litakuwa limegeuzwa. Na mwanzo wa sentensi, ʻokina haina umbo kubwa. Inayokuzwa ni irabu inayofuata: ʻŌlelo.

Msomamagazeti: Shuleni nimekubali. Kwenye kuchapa upya, hapana. Anayetia alama amekwisha kufasiri. Nyimbo za Kihawaii zina kaona, maana ya ndani inayofichwa makusudi. Mshairi aliyeandika "ke ala" huenda alitaka njia na harufu kwa pamoja. Mhariri akitia ʻokina, njia imezibwa. Chapeni maandishi yalivyo, alama ziwe kwenye safu ya pili, na aliyezitia atajwe.

Binti Irabu: Safu mbili, sawa, bora ya pili isiachwe eti karatasi ni ghali.

Fundi Chapa: Na vibao? Kibao hakina safu ya pili. Lānai ni baraza ya nyumba, Lānaʻi ni kisiwa. Hapo alama ina kazi, andikeni. Lakini Molokaʻi iko kwenye kamusi ya majina ya mahali, na kisiwani kwenyewe wapo wenyeji wanaosema Molokai, bila kikato chochote. Kabla hamjaagiza rangi, semeni mnamfuata nani.