Mama ana vinundu vitatu kwenye tezi ya shingo, kimoja kimeandikwa TI-RADS 4. Naombeni ushauri

BintiMakete:
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Makete, mimi niko Uyole. Ana goita tangu tukiwa wadogo, na kule kwetu hakuna aliyeishangaa, hata bibi alikuwa nayo. Mwezi uliopita alikuja kumwona mjukuu, nikaona shingo upande wa kulia imetokeza zaidi. Nikampeleka ultrasaundi hapa Mbeya mjini.

Majibu: homoni ya TSH ni 2.1, wamesema iko kawaida. Kulia kuna kinundu cha sentimita 3.8, kina maji na nyama, TI-RADS 2. Kushoto kipo cha sentimita 1.7, nyama tupu, cheusi kuliko tezi yenyewe, TI-RADS 4. Cha tatu ni cha maji tu, milimita 6. Aliyetupa karatasi alisema "tafuteni daktari wa upasuaji" akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Hiyo 4 ndiyo hatua ya nne ya saratani? Na kwa nini kile kikubwa, kinachoonekana kwa macho, kimepewa 2? Kaka anataka goita yote itolewe wiki hii. Mama hataki kusikia habari ya kisu, ni mwimbaji wa sauti ya kwanza kwaya ya kanisani.

Mlimaviazi:
Pole sana dada. Mimi nasema msimguse. Uvimbe ukichokozwa kwa sindano unasambaa. Shangazi yangu alikaa na goita miaka 40.

Mtazamapicha:
Dada, pole. Nafanya kazi chumba cha ultrasaundi, Iringa. Hiyo namba si hatua ya ugonjwa. Ni kiwango cha shaka tu kutokana na sura ya kinundu kwenye picha, na wenye TI-RADS 4 walio wengi hawana saratani. Kwa makadirio, katika wagonjwa 100 wa kundi hilo hupatikana wenye saratani kati ya 5 na 20.

Alama huhesabiwa hivi, kwa utaratibu waliotoa wataalamu wa mionzi wa Marekani mwaka 2017. Kinundu cha kushoto: nyama tupu alama 2, weusi alama 2, jumla 4, ndiyo TI-RADS 4. Kingekuwa kimesimama, yaani kina kirefu kuliko upana, kingeongezewa 3. Vidoti vidogo vyeupe vya chokaa, 3 nyingine. Kingo zenye meno, 2. Kuanzia 7 ndiyo TI-RADS 5, na pale tunashtuka kweli. Kile cha kulia: mchanganyiko wa maji na nyama alama 1, rangi kama ya tezi alama 1, jumla 2, ndiyo TI-RADS 2.

Umeona ukubwa haumo kwenye alama? Ukubwa unakuja baadaye, kuamua nani achomwe sindano ya kutoa chembe za kupima. TI-RADS 4 huchomwa ikifika sentimita 1.5. TI-RADS 2 haichomwi hata ikiwa 3.8. Kwa hiyo kinachohitaji sindano ni hicho kidogo cha kushoto ambacho hakuna aliyekiona kwa macho.

Sasa nijibu: aliwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni? Kuna ndugu aliyethibitishwa saratani ya tezi hii? Kuna matezi yaliyovimba pembeni ya shingo? Na sauti yake ikoje?

MamaWawili_Njombe:
Mdogo wangu, nimepita hapo. Sindano ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Mara ya kwanza chembe hazikutosha, nikarudia, usikate tamaa ikitokea hivyo. Majibu hutolewa kwa makundi 6, wanayaita Bethesda. Langu lilikuwa la 2, si saratani, nikarudi kupiga picha baada ya mwaka. Kundi la 6 ni saratani karibu kwa hakika. Yanayotesa roho ni la 3 na la 4, hapo chembe peke yake hazitoi jibu.

Mtazamapicha:
Kweli kabisa mama. Saratani ya aina ya folikula hutambuliwa kwa kuona kama imepenya ganda la kinundu, na sindano haioneshi hilo, mpaka kinundu kitolewe. Aina hiyo huonekana zaidi kwenye maeneo yaliyokosa madini joto, na nyanda zetu hizi zilikuwa hivyo hasa kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea miaka ya 1990. Goita nyingi za wazee wetu zilitokana na hilo, si saratani. Lakini goita kuwa ya zamani hakukifanyi kinundu kilichomo kiwe salama.

Mlimaviazi, ndugu yangu, saratani kusambaa kwa sindano hii nyembamba ni jambo la nadra mno. Kuchelewa ndiko kunakoumiza watu.

BintiMakete:
Mionzi hapana. Ya bibi haikupimwa, hatujui. Matezi ya pembeni hayakuandikwa. Nimempigia mama nikamuuliza sauti. Akanyamaza kwanza. Kumbe tangu Pasaka noti za juu zinamkatika, alidhani ni baridi ya Makete.

Mtazamapicha:
Mwambie daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote. Inaweza kuwa koo tu, au asidi ya tumbo, lakini mwenye kinundu sauti ikibadilika lazima daktari wa koo amwangalie nyuzi za sauti. Akaangaliwe hata kama hatapasuliwa. Kaka naye mweleze taratibu: tezi yote ikitolewa mama atameza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote, na mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi hiyo hiyo. Hilo linafanywa kukiwa na sababu.

Mlimaviazi:
Sikujua hilo la sindano. Niliandika hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyomzuia shangazi. Mwishoni alikuwa hawezi kumeza hata uji. Mpelekeni mama.

BintiMakete:
Pole sana kaka, na asante kwa kusema.
Kaka yetu amekubali kusubiri majibu. Mama anapanda gari Jumatano kupitia Isyonje, Alhamisi anaonwa na daktari wa koo, Ijumaa sindano. Ameuliza kitu kimoja tu: Jumapili ataweza kuimba?

MamaWawili_Njombe:
Mimi nilisikia maumivu siku mbili, tena nikimeza tu. Sauti yangu haikubadilika. Mwambie asibebe ndoo Ijumaa hiyo.