Nyumba imebaki majivu, jamaa ananiuliza sufuria ina umri gani!

Wakuu, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Wale jamaa mnaowajua, wa tabasamu siku ya kukata bima, leo wamemtuma mkadiria hasara. Nyumba haipo, umebaki mlango wa chuma umesimama peke yake. Kapandisha suruali isishike majivu, kaokota sufuria iliyoyeyuka nusu, kaigeuza huku na huku, kauliza: "Hii ilikuwa na umri gani?"

Umri! Wa sufuria! Sikuikatia cheti cha kuzaliwa mimi!

Eti wanakata uchakavu: kitu kikiwa cha zamani, malipo yanapungua. Paa miaka 12, kata. Godoro miaka 6, kata. Sasa fundi nimwambie aniezekee paa la miaka 12? Na risiti wanazitaka. Risiti zilikuwa kwenye droo, droo kwenye kabati, na kabati ndiyo hayo majivu anayoyakanyaga! Bima nalipa kila mwaka sijaruka, halafu sufuria ina umri gani! Ningemvisha kichwani.

Kisiki: Pole mkuu. Ila kuna bima inayolipa thamani iliyobaki, na kuna inayolipa gharama ya kitu kipya. Ulichukua ya bei nafuu ukasaini.

Mtoa mada: Wewe ulisoma herufi za sisimizi zote zile? Mtu kaniuliza umri wa SUFURIA!

Mwenge: Hata hiyo ya kitu kipya wanatoa vipande. Kwanza wanakulipa wameshakata uchakavu, kinachobaki mpaka ujenge upeleke risiti. Ujenge kwa hela ipi?

Bundi: Afadhali nyie. Mimi nilikata bima ya asilimia 60 tu ya gharama ya kujenga. Ikaungua nusu nyumba, wakanilipa asilimia 60 ya hiyo hasara. Iliyobaki eti nilijibimia mwenyewe.

Chuma: Yangu ilikuwa na mkopo. Benki ikachukua chake kwanza, mimi nikaambulia pole.

Kisiki: Mtoa mada, kwani sufuria ilikuwa na umri gani?

Mtoa mada: Na wewe tena!!

Bundi: Bima ya gari ndiyo balaa. Niliibiwa kioo, wakataka picha.

Chuma: Picha ya kioo?

Bundi: Kikiwa kwenye gari, kabla hakijaibwa.

Mtoa mada: Jamani, nyumba yangu...

Chuma: Subiri kwanza mkuu. Bundi, kioo cha mbele au cha pembeni?