Ushauri: Kusafiri na bastola kutoka Pennsylvania hadi Lowell, Massachusetts

Mlenga Shabaha (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Ninaishi Lancaster, Pennsylvania, nina grini kadi, na ninamiliki bastola moja ya milimita 9 niliyoinunua dukani kwa kujaza fomu 4473 (fomu ya shirikisho ya kununulia silaha) na kuchunguzwa kama mnunuzi mwingine yeyote. Siwindi wala siibebi mtaani. Kazi yake ni kulenga shabaha siku za mapumziko, basi. Mwezi ujao ninakwenda kumtembelea dada yangu Lowell, ambako, kama mnavyojua, Wakenya tuko wengi, na shemeji amenialika tuvuke kwenda jimbo jirani la New Hampshire kulenga shabaha. Nitalala kwao wikendi nzima. Gari langu ni la familia, halina buti iliyotengwa na viti, na magazini iliyokuja na bastola inaingia risasi 17. Hapa Pennsylvania sikuhitaji kibali chochote ili kuimiliki. Je, nikiifungia ikiwa tupu, nitakuwa salama njia nzima? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Dallas

Ndugu, ondoa hofu. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomruhusu mtu kupitisha silaha yake katika jimbo lolote ilimradi haina risasi na imefungiwa. Sisi huku Texas, tangu Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 ambaye hajazuiwa na sheria hubeba bastola bila hata leseni. Katiba ni moja nchi nzima.

Bi. Worcester

Mzee wangu wa Dallas, shikamoo, lakini sheria uliyoitaja umeisoma nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomfunga huyu ndugu yetu.

Sheria ile humlinda anayetoka mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha na kuibeba, akaenda mahali pengine anaporuhusiwa vilevile, na katikati awe mpita njia. Bastola isiwe na risasi, na bastola pamoja na risasi visifikike kutoka alipoketi dereva au abiria. Kwa gari lisilo na buti ya peke yake, viwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na sheria yenyewe inasema wazi kwamba kisanduku cha dashibodi na kile cha katikati ya viti havihesabiki. Hapo mleta mada anaweza kujipanga vizuri. Tatizo lake ni kitanda cha dada yake. Anayelala Lowell wikendi nzima amefika safari yake, hawezi tena kudai kwamba anapita.

Massachusetts hudai leseni hata kwa kuwa na bastola tu, na haitambui leseni ya Pennsylvania wala ya jimbo lingine. Asiye mkazi anapaswa kuomba leseni ya muda kutoka jimboni hapa kabla ya kuja. Ukikutwa nayo ndani ya gari bila leseni, iwe ina risasi au haina, unaangukia sheria iliyoanzia mwaka 1974, inayojulikana kama Bartley-Fox, ambayo kwa sasa kifungo chake cha chini ni miezi 18, na hakimu hana ruhusa ya kukuhurumia.

Kuhusu kupita na kutua, ipo kesi ya mkazi mmoja wa Utah aliyekuwa akisafiri kwa ndege kwenda Allentown, hapo hapo Pennsylvania kwenu. Ndege yake ilichelewa Newark, New Jersey, akakosa ya kuunganisha, akapewa begi lake lenye bastola, akalala hotelini. Asubuhi alirudi uwanjani, akaitangaza bastola yake kwa uaminifu, naye akakamatwa. Alipoishtaki mamlaka ya uwanja, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba alipokuwa hotelini silaha ilikuwa ikifikika, hivyo kinga ya sheria ile haikumfunika. Usiku mmoja tu, na hakuutaka yeye.

Jirani wa Scranton

Nyongeza ndogo kwa upande wa nyumbani. Kumiliki bila kibali ni kweli, lakini kuwa nayo ndani ya gari hapa Pennsylvania ni jambo lingine: bila leseni ya kubeba unategemea misamaha michache, kama vile kwenda kulenga shabaha ikiwa tupu na imefungashwa. Nenda kwa sherifu wa kaunti yako uombe leseni hiyo. Ada yake ni dola 20, inadumu miaka mitano, na mwenye grini kadi hazuiwi.

Halafu hiyo magazini ya risasi 17 iache nyumbani hata kama utabadili mpango. New York na Massachusetts zote mbili zimeweka kikomo cha risasi 10, na sheria ya 1986 inataja silaha na risasi, haitaji magazini. Usidhani unaweza kuikwepa New York: jimbo hilo limeenea kutoka baharini hadi mpaka wa Kanada, kwa hiyo kwa barabara hufiki New England (majimbo ya kaskazini-mashariki, Massachusetts na New Hampshire yakiwemo) bila kulikanyaga, labda uzungukie Kanada, na huko utajitafutia makubwa zaidi. Barabara ya I-84 walau inakuepusha na New Jersey na jiji la New York.

Mama Salome

Wote mmezungumzia jela, mkasahau uhamiaji. Kwa mwenye grini kadi, kupatikana na hatia ya kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria ni sababu inayotosha kumfukuza nchini. Raia akimaliza kifungo anarudi kwake. Wewe huenda ukapelekwa moja kwa moja mbele ya jaji wa uhamiaji. Na wenye viza ya masomo wanaosoma hapa, msije mkaiga: sheria ya shirikisho inawakataza hata kuishika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji.

Mlenga Shabaha (mleta mada)

Nimewaelewa, wakuu. Leseni ya muda haiwezi kupatikana kabla ya mwezi ujao. Je, nikija mikono mitupu na kukodi bastola hapo hapo kwenye uwanja wa kulenga shabaha New Hampshire, kuna shida?

Bi. Worcester

Hakuna, mradi hujazuiwa kumiliki silaha na unaitumia na kuirudisha hapo hapo. Viwanja vingi hukodisha, na wengine hudai ununue risasi kwao, kwa hiyo mwambie shemeji apige simu mapema. Beba grini kadi yenyewe, si nakala. Wataiomba mapokezi, na hata hivyo sheria inakutaka utembee nayo.