Paros, Ugiriki: tumetimuliwa mchangani kisa hatujakodi vitanda!

Wakuu salaam. Nina hasira, nivumilieni.

Tunaishi Ujerumani, na likizo hii ya Agosti tukaamua twende Paros: mimi, mama watoto, watoto, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama kaamka alfajiri kwenye nyumba tuliyopanga, kakaanga kachori, chai kaitia kwenye chupa, mkeka na mwamvuli tukabeba wenyewe. Tumefika ufukweni jua halijaanza hata kuchoma.

Mchanga hauonekani! Vitanda vya kukodi safu kwa safu mpaka majini. Sitanii, wimbi likija linalowesha miguu ya vitanda vya mbele. Tukapata upenyo pembeni, tukatandika mkeka. Chai haijamiminwa, kijana wa baa huyu hapa: hapa pa wateja, kodini vitanda viwili na mwamvuli kwa yuro 60 au mhame. Na chakula cha nje marufuku! Sasa kachori za watu zimemkosea nini?

Mama mkwe akaniuliza, "Baba, kwani bahari hii ina mwenyewe?"

Haina, na ndicho kinachoniuma. Fukwe za Ugiriki ni mali ya umma kisheria, mwenye baa anakodishiwa kipande tu. Hapo hapo Paros wenyeji waliandamana na mataulo yao mwaka 2023 kwa kero hii hii. Mwaka 2024 sheria ikakazwa: vitanda vikae angalau mita 4 kutoka majini, asilimia 70 ya ufukwe ibaki wazi, na kwenye maeneo ya hifadhi asilimia 85. Nikamwonyesha kijana kwenye simu. Kacheka, kanielekeza kwa meneja. Meneja kanielekeza kwenye mawe.

Huko mawe­ni ule upepo wao wa kiangazi, meltemi, ukatumalizia: mwamvuli umegeuka bakuli, kachori zimejaa mchanga, mdogo analia macho. Na vitanda nusu vitupu muda wote huo!

Picha ninazo. Serikali yao ina programu ya simu, MyCoast, ya kuripotia uhuni huu. Kuna mdau aliyewahi kuitumia akaona mkaguzi anatokea kweli? Na mliowahi kufika Naxos au Krete, nitajieni ufukwe ambao mtu anatandika mkeka wake bila bughudha. Likizo inaisha na mama mkwe hajalowesha hata kidole.