Uhuru ilirushwa Ngomeni: mbona eksirei za anga si somo la Pwani?

Mwenye mada, Makadara
Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, roketi ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la Italia lililo baharini mbele ya Ngomeni, Kilifi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kupima eksirei za kutoka angani. Ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Orodha yake ilifikia vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi nafundisha fizikia humu kisiwani Mombasa. Kila mwaka nauliza darasa nani anaijua setilaiti hiyo. Hunyooka mkono mmoja, au hakuna. Huniuma sana.

Naomba tujadili: je, fedha za umma zitumike kuwafunza vijana wa Mombasa na Kilifi kuchambua data za aina hii? Sisemi tununue darubini. Data za Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa 1999, kwa kawaida hufunguliwa kwa kila mtu baada ya muda. Panatakiwa kompyuta, intaneti na mwalimu aliyeandaliwa.

Wa Kisauni
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hii ni wiki ya pili mfereji wangu hautoi tone. Nanunua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu. Kodi yangu ikafuate kwasari, viini ving'aavyo vya galaksi, zilizo miaka nuru bilioni 13 kutoka hapa? Waitalia wako Ngomeni tangu miaka ya sitini, na setilaiti ya mwisho kurushwa pale ilikuwa 1988. Mvuvi wa pale kabaki na nini?

Mwanafunzi, Tudor
Kaka, la maji ni haki yako. Niruhusu tu nieleze kinachotafutwa huko. Gesi inayoangukia shimo jeusi, mahali penye mvutano mkali hata mwanga hautoki, hupata joto kali mno, na eksirei zinazotoka hapo hupenya vumbi linaloziba mwanga wa kawaida. Hewa yetu huzizuia, ndiyo maana vipimo hupelekwa juu.

Mwaka 2023 Chandra na James Webb, darubini nyingine ya angani, kwa pamoja zilionyesha galaksi iitwayo UHZ1, jinsi ilivyokuwa miaka kama milioni 470 baada ya Mlipuko Mkuu, mwanzo wa ulimwengu. Shimo jeusi lake linakadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara milioni 10 hadi 100, karibu sawa na nyota zote za galaksi hiyo zikiwekwa pamoja. Katika galaksi zilizo karibu nasi, shimo huwa kama sehemu moja kwa elfu tu. Basi hili lilipata wapi muda wa kunenepa hivyo? Jibu linalopendekezwa ni kwamba lilizaliwa kubwa: wingu zima la gesi liliporomoka moja kwa moja bila kupitia nyota. Nilipolisoma sikulala usiku ule.

Fundi mitambo, Changamwe
Taratibu, mwanangu. UHZ1 ni galaksi moja. James Webb imeonyesha pia vidoa vyekundu vingi vya zama hizo, vinavyodhaniwa kuwa na mashimo meusi, lakini vingi havionekani kabisa kwa eksirei. Huenda gesi nzito imezifunika, huenda uzito ulikadiriwa vibaya. Msiwafunze vijana kwamba kesi imekwisha.

Mwenye mada
Ahsante, fundi. Kwa sababu haijaisha, kijana wa Pwani bado ana nafasi ya kuingia. Ndugu wa Kisauni, sitaki hata shilingi ya fungu la maji. Nataka mkataba wetu na Italia kuhusu kituo cha Ngomeni utaje vijana wangapi watafunzwa, na wanatoka wapi, na hesabu hiyo itangazwe kila mwaka.

Wa Kisauni
Kwa sharti hilo nakuunga mkono. Ila waanze watoto wa Ngomeni, wenu wa kisiwani wafuate.