Sehemu: 5/12 + 7/18, chini niweke 36 au 216?

mzazi_wa_tano
Wakuu, habari za jioni. Daftari la mtoto (darasa la 5) lina 5/12 + 7/18, na asili (namba ya chini) iliyotumika ni 36. Njia niliyoizoea mimi ni kuzidisha asili zenyewe, 12 × 18 = 216. Daftari linasema 29/36, mimi napata 174/216. Yangu ni kosa? Na KDS (kigawe kidogo cha shirika) inaingiaje hapa, mbona kitabuni ni mada nyingine kabisa?

chaki_nyeupe
Si kosa mkuu, ila hujamaliza. Gawanya 174 na 216 kwa 6, utaikuta 29/36 ileile.

Mada ni moja, vitabu tu ndivyo vimezitenganisha. Ukitaka kubadili asili ya 5/12 bila kugusa thamani yake, unazidisha juu na chini kwa namba ileile. Kwa hiyo asili mpya haina budi kuwa kigawe cha 12: 24, 36, 48, 60, 72... Kwa 7/18 nako vilevile: 36, 54, 72... Inayofaa ni namba iliyomo kwenye orodha zote mbili, yaani 36, 72, 108 na kuendelea bila mwisho. Hivyo ndivyo vigawe vya shirika, na chochote kati yao kinaweza kukaa chini kama asili ya pamoja. KDS ni kile kidogo kuliko vyote, basi. 216 yako nayo imo, ni ya sita kwenye foleni.

Hatua: 36 ÷ 12 = 3, halafu 3 × 5 = 15. 36 ÷ 18 = 2, halafu 2 × 7 = 14. 15 + 14 = 29, chini 36.

Angalia asije akabadili chini na kusahau juu: 5/36 + 7/36 = 12/36. Kosa hili linajifichua lenyewe, kwa sababu 5/12 peke yake ni 15/36. Unajumlishaje kitu halafu kinapungua?

namba_tasa
Niongezee hapo. Ile 6 haikudondoka kutoka hewani. Ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 12 na 18, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Kwa namba mbili zozote, KDS × KKS ni sawa na namba hizo zikizidishwa: 36 × 6 = 12 × 18. Kwa hiyo ukizidisha asili unapata KDS iliyovimba mara KKS. Asili zikiwa kama 8 na 9, ambazo hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, njia yako inatua moja kwa moja kwenye KDS, 72.

Usiipeleke kanuni hii kwenye namba tatu. 8, 12 na 18 zina KDS 72 na KKS 2, lakini ukizizidisha unapata 1728.

Tena, ukitafuta KDS kwa kugawanya kwa namba tasa: 12 na 18 kwa 2 zinabaki 6 na 9, kwa 3 zinabaki 2 na 3. Wengi wanaishia hapo na kuandika 2 × 3 = 6. Hiyo ni KKS! Masalia nayo yaingie: 2 × 3 × 2 × 3 = 36.

mzazi_wa_tano
Shukrani. Kwa hiyo nikitumia KDS jibu halihitaji kurahisishwa tena?

chaki_nyeupe
Hapana, hilo usimwambie mtoto. 1/6 + 1/10: KDS ni 30, unapata 5/30 + 3/30 = 8/30, na hiyo bado inashuka hadi 4/15. KDS inakupunguzia ukubwa wa namba tu, kurahisisha kuko palepale.

dakika_sitini
Mwonyeshe saa ya ukutani. Robo saa na theluthi ya saa ni dakika 15 + 20, yaani 35/60. KDS ya 4 na 3 ni 12 na jibu fupi ni 7/12, lakini 60 nayo ni kigawe cha zote mbili, ndiyo maana dakika zinatoka nzima. Kisha mwulize 1/8 ya saa. Ni dakika 7 na nusu, kwa kuwa 60 si kigawe cha 8. Akitaka namba nzima ashuke kwenye sekunde: 450 kati ya 3600.