MJADALA: Dozi ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ipangwe kwa kuangalia rangi ya mgonjwa?

Wakuu, kuna kauli inanikera: "Damu ya Mwafrika haigandi ovyo." Ilitoka mbali. Mwaka 1994, mjini Leiden, Uholanzi, watafiti waligundua badiliko kwenye jeni ya protini ya tano ya kugandisha damu, linaloifanya damu igande kwa urahisi. Wazungu kama 5 katika kila 100 wanalo. Kwa Waafrika ni nadra mno. Basi watu wakaona sisi tumesalimika.

Hatukusalimika. Wamarekani weusi hupata zaidi mabonge ya damu kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kuliko weupe, ingawa badiliko la Leiden kwao ni la nadra. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu naye yumo hatarini zaidi kupata bonge mapafuni, na watu hao huku kwetu ni wengi. Kipimo kinachotafuta jeni za Wazungu kikisema "huna", hakijakwambia uko salama.

Kwenye warfarini ndiyo hatari zaidi. Utafiti wa COAG, Marekani, uliotoka 2013, ulipanga dozi kwa kupima jeni zinazoathiri jinsi mwili unavyoitikia dawa hiyo. Wagonjwa weusi waliopimwa jeni, kuganda kwa damu yao kulidhibitiwa vibaya kuliko kwa weusi wenzao ambao hawakupimwa! Mabadiliko yaliyotafutwa ni yale yaliyozoeleka Ulaya. Yanayopatikana zaidi kwa Waafrika hayakuwemo. Msimamo wangu: tupime jeni zetu, tuache kukisia kwa rangi.

Jibu la kwanza: Mkuu, hata wale ambao hawakupimwa jeni, dozi yao ilikokotolewa kwa umri, ukubwa wa mwili na rangi pia. Hospitali ya wilaya haina mashine ya jeni. Ukiiondoa rangi, daktari abaki na nini?

Mleta mada: Hoja nzito, ila kanuni ya jeni nayo iliingiza rangi, na bado ikakosea. "Mweusi" ni Msomali, ni Mnyamwezi, ni Myoruba. Jeni zao hazifanani. Daktari wa wilaya anabaki na INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani: aanze kwa tahadhari, apime, arekebishe, apime tena. Kijana mwenye vali ya chuma moyoni hawezi kupewa vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda badala ya warfarini, kwa hiyo kipimo hicho kisikosekane hata wiki moja katika zile za mwanzo. Mlioko kliniki, kwenu mgonjwa mpya anapimwa INR baada ya siku ngapi?